Mienge ya Osiemo

Osiemo alipokwenda Doha kulinda lango la hoteli
aliniachia funguo mbili, deni la duka,
na bahari ya lita mia mbili na arobaini
aliyoinunua kwa daktari aliyekuwa akihama.
Ipo sebuleni, Shabab, kando ya kabati la vyombo.

"Usitie maji ya bomba," aliandika kwenye kadi,
na sikuhitaji kuuliza sababu.
Maji ya Nakuru nimeyavaa mdomoni tangu utotoni:
meno yangu ni vikombe vya chai visivyosuguliwa.
Kwa hiyo nayachuja, tone kwa tone, usiku kucha,
ndipo napima chumvi iliyokuja kwa basi,
nakoroga kwa mwiko ambao haujawahi kuonja ugali.
Ziwa letu lina chumvi yake, si mbali na hapa.
Limekula nyua za watu wa Mwariki, na halijashiba,
lakini chumvi ile ni ya heroe.

Wageni huniambia: maua mazuri.
Si maua. Kila shina lina kinywa.
Huitwa mienge:
vidole virefu, rangi ya majani machanga ya chai,
nchani mwa kila kimoja tone la dhahabu,
vinapepea bila upepo
kama watu wanaoitikia jambo nisilolisikia.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu siku ya tatu alinipa jembe mimi:
Jumatatu kubadilisha maji, Jumatano kupima kalsiamu,
Jumamosi kukwangua kioo kwa kadi ya benki iliyokufa.

Kuna mstari mmoja alioupigia wino mara mbili:
*Upe nafasi. Usiweke jirani karibu.*
Nilidhani ni mambo ya urembo.
Hata usiku mmoja nikawasha tochi ya simu
nikaona mkono mwembamba, mrefu kuliko yote ya mchana,
umenyooka kuvuka mchanga
kumpapasa jirani, lile tumbawe lenye umbo la ubongo.
Asubuhi jirani ana baka jeupe,
mfupa mtupu.
Na mwenge unapepea.

Mienge niliyoijua mimi ilipita Kaptembwa
Januari ile.
Walioishika tuliwajua kwa majina;
mmoja alikuwa akituazima pasi.
Mama alimtia Osiemo ndani ya pipa la maji,
la plastiki, la buluu, tupu,
akafunika kwa beseni.
Alikuwa na miaka sita.
Alitoka alfajiri, hakulia,
akasema tu kwamba mle ndani mnavuma kama bahari.
Hakuna aliyemuuliza bahari aliijulia wapi.

Juzi stima ilipotea saa mbili usiku.
Pampu ikanyamaza.
Nikavuta kigoda, nikachukua kopo la siagi,
nikachota nikamwaga, nikachota nikamwaga,
hewa iingie,
hadi bega la kulia likakataa, nikahamia la kushoto.
Saa tisa akapiga simu. Zamu ya usiku.
"Bado ipo?"
Nikaisogeza simu kwenye maji.
Hatukusema kitu. Yeye akisikiliza kopo,
mimi nikisikiliza lifti ya hoteli yake
ikifunguka, ikifungika, haina mtu.

Stima ilirudi saa kumi na moja kasoro.
Mienge ilikuwa imejikunja, ngumi ndogondogo.
Mmoja ulishika ute wa kahawia, ukinuka;
nikavaa glavu za kuoshea vyombo,
nikaukata kwa msumeno wa chuma, nikautupa.
Hilo sijamwambia.

Jirani mwenye baka nimemhamishia upande wa pili,
shubiri mbili kutoka mkono mrefu kuliko yote.
Nimepima kwa kiganja changu mwenyewe.
Na bado naamka usiku, peku,
kwenda kutazama.