Ndoo ya Ishirini

Machi, theluji bado imelalia paa la kituo,
lori la jimbo linaingia kinyumenyume
likilia pi, pi, pi
kama kifaranga aliyepotezwa na mamaye.

Orrin Pelkey amefungua stoo tangu alfajiri.
Miaka thelathini na mmoja ya kuzima moto bila mshahara,
na leo anazihesabu ndoo kama anayehesabu madeni:
kumi na saba nzima, mbili zimepasuka midomo.
"Kumi na tisa," anasema, akitazama viatu vyake.

Lori la petroli lilipopinduka kwenye daraja la Sawtelle
tulilitandaza povu juu ya moto kama shuka,
moto ukanyamaza,
dereva akarudi kwa wanawe.
Hilo nalo ni kweli. Liandikwe.

Lakini kila Julai, siku ya gwaride,
tulilimwaga pia uwanjani nyuma ya shule.
Watoto walizama humo hadi kifuani,
wakajibandika ndevu nyeupe.
Mimi, Ludivine, nilikuwa mmoja wao. Nililionja.
Jioni likasukumwa kwa mpira wa maji, likaenda zake:
mtaroni, kijitoni,
kisimani kwa shangazi Odile,
ambaye sasa hunywa maji ya chupa
na barua ya maabara ameibana kwa sumaku mlangoni pa friji.
Mwosha huoshwa, walisema.
Hawakusema kwa nini.

Anselm wa jimbo amevaa glavu, miwani, aproni ya mpira.
Hamimini. Hatikisi.
Ndoo iliyopasuka anaishusha ndani ya pipa kubwa,
anaizungushia chembechembe za udongo mkavu,
anakaza kifuniko kwa spana, anabandika lebo.
Tangi la gari namba mbili tunalisuuza mara tatu,
na maji ya kusuuzia nayo
yanaingia pipani, mfungwa kama wenzake.

"Yanapelekwa wapi?" nauliza.
"Mbali."
"Mbali ni kisimani kwa nani?"

Ananitazama kwa muda. Anavua glavu moja,
ananionyesha karatasi: kila pipa na namba yake,
ghala lenye sakafu isiyopitisha tone,
kungoja hadi ipatikane njia ya kulivunja
lisibaki hata jina.
"Kwa sasa tunalilinda," anasema. "Basi."

Injini imeshawaka Orrin anaporudi na pikapu yake,
amesimama katikati ya barabara, mkono juu.
Kwenye kiti cha abiria, imefungwa mkanda kama mjukuu,
ndoo ya ishirini.
Alikuwa akiikalia barazani kila kiangazi
akimenya mahindi.
Imejaa nusu.

Hakuna anayesema neno.
Anselm anazima injini, anavaa glavu upya,
anafuta kumi na tisa kwa mstari mmoja wa kalamu.