Herufi D Nyekundu

Walipolifuta basi la alfajiri
nilinunua pikipiki kwa mjane wa Corris,
ya kijivu, matairi membamba kama ya baiskeli iliyoshiba.
Kwenye karatasi zake: sisi mia moja ishirini na tano.
Sisi! Kana kwamba tuko umati.
Ni mimi tu, Idwal, miaka hamsini na miwili,
mkamuaji wa ng'ombe wa watu,
na mbele na nyuma herufi D nyekundu
ambayo kwa Kiwelisi chetu yasema:
huyu bado anajifunza, msimsogelee.

Bi Tegwen alinifunza nyuma ya mnada wa mifugo,
kati ya koni na samadi iliyokauka.
Alisema: Usiangalie koni.
Nikaiangalia koni. Nikaigonga.
Alisema: Pikipiki ni mbwa wa macho yako,
unapotazama ndipo inapokimbilia.
Nikamwambia nimeendesha trekta tangu utotoni.
Akanigonga goti kwa kidole:
Trekta hukusamehe. Hii haina mlango.

Alinifunza kugeuza shingo kabla ya kukata kona,
maana kioo nacho kina kichaka chake
na gari zima laweza kujificha humo.
Breki ya mbele, alisema, ibane
kama unavyomkamua mtamba mwoga,
si kama unavyomkaba mwizi.
Hilo sikuhitaji kurudiwa.
Mkono ulikuwa unalijua tangu zamani.

Mengine nilifunzwa na lami.
Mfuniko wa chuma kwenye mvua: sabuni.
Majani ya Oktoba: sabuni.
Dizeli iliyomwagika mzungukoni:
sabuni yenye rangi ya shingo ya njiwa.

Na mlima wa Dinas ulinisema wazi kuliko mtu.
Upepo ukija usoni, gia ya nne hukata tamaa,
ya tatu hulia,
mshale hushuka hadi maili thelathini,
na nyuma yangu lori la maziwa,
pengine maziwa ya ng'ombe wangu wale wale,
limejaza vioo vyote viwili.
Zamani ningeona haya. Ningekaza.
Siku ile niliwasha indiketa, nikaingia getini mwa shamba,
nikaliacha lipite na kishindo chake,
na upepo wake ukanitikisa hata nikiwa nimesimama.
Kondoo mmoja alinitazama, akaendelea kutafuna.

Kisha usiku wa mazoezi ya kwaya.
Mabli, binti yangu, aliachwa na gari la wenzake.
Mvua. Maili mbili hadi nyumbani.
Nipakie, baba. Polisi gani atakuwa nje saa hizi?
Mwenye D habebi mtu, hiyo ni sheria,
lakini sheria haikuwa imesimama pale, nilikuwa nimesimama mimi,
na mimi niliijua hesabu yangu:
katika kona ishirini, moja bado naikosea.
Kosa langu nitalilipa kwa ngozi yangu.
Sikuwa na haki ya kulilipa kwa yake.
Hayo yote sikuyasema.
Nilisema: Hapana. Nikazima injini.

Tukatembea. Mimi na helmeti kichwani kama mwendawazimu,
nikisukuma kilo mia na kumi za ukaidi,
yeye hatua kumi mbele, mikono mfukoni,
hata mgongo wake ulikuwa unanitukana.
Tukavuka daraja hivyo hivyo.

Baada ya daraja barabara hupanda.
Nilianza kuhema. Alisikia, akajifanya hakusikia,
akasikia tena.
Akarudi, akapita nyuma yangu,
nikaona mzigo umepungua ghafla:
alikuwa anasukuma,
viganja vyote viwili juu ya ile D.

Mtihani ni lini? akauliza.
Machi.
Kimya. Maji ndani ya buti zetu.
Basi hiyo Machi, akasema,
usiangalie koni.