Nyamvula wa Barabara ya Nane

Alhamisi, duka la dawa la Shekiondo likishafungwa,
tunasogeza maboksi ya dripu, tunafungua meza ya kukunja.
Taa ya chaji. Kashata juu ya gazeti.
Na dadu ile yenye nyuso ishirini,
imelika pembe moja, tunaituhumu kwa kila msiba.

Mimi napima mkonge Ngomeni, mchana kutwa naandika kilo.
Usiku ni Nyamvula: mvunja makufuli, binti wa mhunzi,
mwenye kovu shingoni na deni kwa wafalme wawili.

Majuma matatu hakuna aliyejua.
Shekiondo husimulia: anapanda ukuta,
anasikia mbwa, anashuka.
Kiswahili hakikuuliza.
Kile kiambishi chembamba, a,
kilitufunika sote kama shuka moja la wodini,
mume na mke, jini na punda.

Siku nilipotaja jina, walicheka.
Nami, mjinga, nikakifuata kicheko:
nikabana sauti, nikalegeza kiwiko,
nikasema "jamani" mara nane.
Mwanakombo, muuguzi wa Bombo,
ambaye mezani ni Mzee Kitwana, mlanguzi wa chumvi,
mwenye kikohozi na wake watatu waliomkimbia,
akaweka penseli chini.
"Huyo mwanamke wako hajawahi kubeba ndoo?
Haumwi kiuno? Bisibisi zake anaficha wapi?
Kanga kaifungaje hata akapanda ukuta?
Mimi siigizi ndevu za Kitwana.
Naigiza madeni yake."

Juma zima mzani ulisoma kilo,
mimi nikamsoma dada yangu
akiinama kusugua sufuria, mkono mmoja mgongoni,
kama anayezuia kitu kisidondoke.
Alhamisi, Nyamvula aliongea
kwa sauti yangu hii hii ya vumbi la singa
na hakucheka mtu, hata Semboja.

Ndipo tukanaswa pangoni.
Bwana wa pango, meno ya shaba, watu mia,
akatoa sharti: wenzake watoke salama, yeye abaki.
Shekiondo akasafisha koo. Hakunitazama.
"Nyamvula, utaolewa?"

Lugha iliyonyamaza miezi yote, hapo ikauliza.
Ilikuwa imejificha mkiani mwa kitenzi,
silabi moja, wa,
komeo la upande wa nje.
Mimi mtu wa mizani,
uzito ule sikuwahi kuupima.

"Siolewi," akasema Nyamvula. "Namuoa mimi."
Semboja: haiwezekani, hata kisarufi.
Shekiondo: kuna mahari.
Nyamvula: taja bei.
Mzee Kitwana akakohoa mpaka machozi,
akajitolea kuwa mshenga.
Dadu ikabingirika, ikaruka kashata,
ikagonga chupa ya spiriti.
Kumi na tisa.

Nilirudi kwa miguu, saa tano,
mbwa wa kweli wakibweka Ngamiani.
Mke wangu alikuwa macho, anapasha kisamvu.
"Nani kafa leo?"
"Hakufa mtu. Nimeoa."
Upawa ukasimama.
"Si mimi," nikawahi. "Ni yeye."
"Yeye nani?"

Nikavuta kigoda.
Nikaanzia ukutani, kwenye mbwa:
anapanda, anasikia,
anashuka.