Dawa ya Deni

Bunge lilivunjwa jana, saa sita usiku.
Asubuhi hii matope ya Washington
yana nyayo za farasi kumi na mmoja,
zote zinaondoka.

Mimi Mehitabel, mjane wa mshona viatu,
natandua vitanda vyao.
Mheshimiwa wa Vermont kasahau soksi moja.
Yule wa Karolina kaacha hotuba
ambayo hakupewa nafasi kuisoma.

Miaka miwili wamegombania deni la taifa
mezani pangu, ngumi zikirusha mchuzi.
"Dawa ya deni kulipa!" alinguruma Bwana Tredwell,
akiomba viazi tena.

Wiki sita za chumba hajalipa.

Desemba watakuja wengine, na njaa ileile.
Soksi nitaifua.
Hotuba nimewashia jiko:
kurasa arobaini,
na maji hayajapata hata uvuguvugu.