Miche Nayo Hulala

Saa tatu ya usiku Heldur akaizima nyumba.
Si taa moja: nyumba nzima, kwenye kisanduku cha fyuzi,
kwa kidole kimoja, kama mtu anayemziba mtoto mdomo kanisani.
Friji ikakohoa, ikanyamaza.
Nilikuwa jikoni, kijiko cha uji mkononi,
theluji ya Machi ndiyo iliyobaki na mwanga,
na yeye, sebuleni, akaniita kwa mnong'ono:
"Salme, njoo usikie."

Redio yake ya betri ilikuwa imetulia
kama maziwa bakulini.
Chini kabisa ya utulivu huo, mtu akisoma majina,
au akihesabu kitu,
kwa lugha ambayo yeye haijui, wala mimi.

Majira yote ya baridi alikuwa akinung'unika:
mawimbi mafupi yamekufa, yamezikwa
chini ya mvumo unaokwaruza kama msumeno kwenye bati.
Alimshuku Kaljo wa ng'ambo ya ua na pampu yake ya joto.
Alilishuku jua.
Alizishuku nyaya za barabarani,
akazizungukia, redio kwapani,
hadi mbwa wote wa Kärdla wakamzoea.

Kuna mvumo mwingine anaoujua.
Utotoni mwake, baba yake alisikiliza chini ya blanketi
sauti za ng'ambo ya bahari, na serikali ikazifunika
kwa ngurumo iliyopikwa makusudi, usiku kucha.
"Ile ilikuwa na anwani," husema.
"Ilikuwa na mwenyewe. Uliweza kuichukia."

Sasa tuwashe, akasema, kimoja kimoja.
Swichi ya kwanza, chumba cha kulala: kimya.
Ya pili, friji: tiki moja, basi.
Ya tatu, ruta ikapiga mluzi mwembamba;
akauandika kwa penseli, bila hasira.
Ya nne, chaja ya simu, ile ya bei poa niliyonunua bandarini,
ikalia kama nzi ndani ya chupa. Akaing'oa, akaitupa.
Kisha ya tano.

Loo.
Yule mtu wa mbali akazama katikati ya neno.

Nilijua kabla Heldur hajageuka.
Chumba cha nyuma, dirishani,
taa zangu za zambarau zilikuwa zimewaka,
na chini yake, ndani ya vikombe vya mtindi,
miche arobaini na mitatu ya nyanya
imenyoosha shingo.
Kikulacho ki nguoni mwako;
chetu kilikuwa dirishani, kimetoa majani mawili mawili.

Hakusema "zima."
Miaka hamsini na miwili ya ndoa imemfundisha
nyanya za Agosti hutoka wapi.
Nami sikusema "samahani."

Asubuhi akaja na pete za feraiti, nyeusi, nzito,
akaupitisha waya wa taa ndani yake mara saba
kama anayemfunga mgonjwa bendeji.
Mvumo ukapungua nusu.
Akaishusha antena kutoka darini, akaipeleka mbali na ukuta,
mwisho wa bustani, juu ya mti wa tufaha.
Ardhi ingali barafu; akamwaga birika tatu za maji ya moto
ndipo nondo ya shaba ikakubali kuingia.
Mvumo ukapungua tena. Haukuisha.
"Imebaki robo," akasema.
Akanitazama. Akavitazama vikombe.

Basi nikampa saa moja.
Saa tatu hadi saa nne nazima mwenyewe,
kwa mkono wangu, si kwa kisanduku chake.
Miche nayo hulala, namwambia,
usidhani ni kwa ajili yako.

Jana nilikaa naye. Sikuelewa neno hata moja.
Nilisikia msomaji akivuta pumzi kabla ya sentensi,
karatasi ikigeuzwa,
glasi ikirudishwa mezani.
Heldur akaandika daftarini saa, masafa,
na neno moja: safi.
Kisha pembeni, kwa herufi ndogo:
taa, amezima S.