Kidole cha Sufu

Dirishani, Milano, chini ya taa isiyozimwa,
kuna jozi moja ya glavu nyeusi, bila bei.
Anayeuliza bei hutabasamiwa,
kisha huoneshwa mlango.
Juu yake, kwa dhahabu: MASTROVARCA, TANGU 1911.

Mimi ni mfuta vumbi wa ghala la kumbukumbu.
Mkataba unasema hivyo kwa maneno marefu zaidi.
Kila asubuhi navaa glavu za pamba
ili nishike glavu.
Usicheke. Wanalipa vizuri.

Kijitabu cha wageni kinaanza na Gaspare,
kijana wa Napoli, mtaa wa Sanità,
mwenye mkasi, ndoto, na jicho kali.
Hakisemi kwamba mkasi ulikuja na Ermelinda,
umeviringishwa shuka ndani ya sanduku la arusi,
pamoja na deni la babake.
Jicho, sijui lilikuwa la nani.
Ila ni yeye aliyepima ngozi ya mwanambuzi kwa shavu,
akiivuta polepole mpaka ikubali.

Gaspare alikata. Ermelinda alishona,
yeye na wanawake kumi na wawili wa ngazi ileile,
kila mmoja mlangoni pake,
sindano mkono huu, mwiko wa maharagwe mkono ule,
jozi sita kutwa, senti kwa jozi.
Subana ziliandikwa kwenye hesabu. Uzi uliandikwa.
Macho yao hayakuandikwa.

Kisha vita. Vijana wakarudi kutoka milima ya kaskazini,
wengine hawakurudi wote: baridi ilibakiza vipande.
Akapanda ngazi Nunzio, mpiga klarineti,
mkono wa kulia mfukoni.
Akasema: Jumapili naoa.
Akasema: sitaki padri ahesabu.

Ermelinda hakumwambia pole.
Alikata vidole vitano kama kawaida,
akajaza sufu kile cha shahada,
akapitisha waya mwembamba ndani yake
ili kijikunje kidogo, kama kinachofikiri.
Chanda chema huvikwa pete, ndivyo tujuavyo.
Chanda kisichokuwepo, yeye alikivika ngozi.

Wakaja wengine. Ngazi ikajaa.
Akaja jenerali, amepungukiwa viwili.
Wiki iliyofuata akaja mke wa jenerali,
vidole kumi kamili na pete juu yake,
akautaka mshono uleule,
kwa sababu, alisema, hauonekani.
Basi anasa ya nyumba hii ilianzia hapo:
mzima kuutamani mshono wa kilema.

Mengine utayasoma kwenye kijitabu.
Kuhamia Milano. Mikoba. Manukato.
Hutasoma kwamba Rosario na Ippolito, ndugu wa tumbo moja,
walishtakiana miaka tisa juu ya jina la baba yao,
wakagawana hadi vyerehani kwa alama ya chaki;
wala kwamba mjukuu aliuza yote siku ya Jumanne, kabla ya chakula cha mchana,
kwa mabwana ambao sindano haijawahi kuwachoma.
Jina limebaki mlangoni.
Mwenye jina hilo hana ufunguo.

Mwezi uliopita niliona daftari nyuma ya kabati,
mwandiko wa mtu aliyejifunza herufi ukubwani:
Nunzio, klarineti. Shahada, kulia. Sufu. Bure.
Nikahesabu "bure" hizo. Sitini na tatu.
Nikampelekea mkurugenzi, anatafuta hadithi ya maadhimisho.
Akasoma. Akasema inagusa moyo.
Akauliza kama hakuna yenye mwigizaji wa sinema.

Ndani ya boksi, chini ya daftari, ilikuwemo moja.
Nondo walikuwa wamepita, lakini hawakumaliza.
Nikavua pamba yangu, nikafanya lililokatazwa:
nikaivaa.
Gumba likaingia. Vitatu vya pembeni vikaingia.
Kidole changu cha shahada kikasimama mlangoni,
kikasukuma, kikarudi.
Mle ndani palikuwa na mwenyewe.