Plagi za Nyuma

Tatu za mbele zilitoka kabla chai haijapoa.
Za nyuma zimejibanza huko jicho halifiki.
Nimelala kifudifudi juu ya injini ya Alphard,
Segerea, umeme umekatika,
Nasra kanishikia tochi ya simu, anapiga miayo.

Vidole ndivyo vinavyoona.
Soketi, ekstensheni, bismillahi,
kraa!
Ngozi ya kidole imebaki humo.

Nikaitoa: nyeusi, imelika, kutu shingoni,
maandishi ya Kijapani bado yanasomeka.
Ilikuja nayo melini.
Na fundi Chande, mwaka jana,
alinitoza sita zote.

Nilitaka nimpigie usiku ule ule.
Lakini mkono ulishanasa kwenye ya pili,
hauingii, hautoki;
nikamsamehe moja.
Mbili atanilipa.